Utao wa Vitabuni na Utao wa Milangoni
Warusi walianza kuujua Utao, dini ya Wachina, kupitia mapadri. Tangu mwanzoni mwa karne ya 18 Kanisa la Kiothodoksi la Urusi lilikuwa na misheni Beijing. Waliotumwa huko walikaa kwa miaka mingi, wakajifunza Kichina na Kimanchu, na wakasoma vitabu ambavyo Wazungu wachache wa zama hizo waliwahi kuvifungua.

Mmoja wao, Daniil Sivillov, alikuja kuwa profesa wa kwanza wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Kazan mwaka 1837. Aliitafsiri kwa Kirusi Daodejing, maandiko ya Utao yanayonasibishwa na mwanafalsafa Laozi, lakini kazi yake haikuchapishwa hadi 1915. Wakati huo Warusi walikuwa wameshamsoma Laozi katika tafsiri ya Mjapani Konishi Masutaro, iliyotoka 1894 kwa msaada wa Leo Tolstoy.

Vasily Vasilyev, aliyeishi Beijing miaka kumi, alichapisha mwaka 1873 kitabu kuhusu dini za Mashariki: Ukonfusio, Ubudha na Utao. Huo wa tatu ulimpa taabu. Ndani yake aliona falsafa, dawa za kutafuta uzima wa milele, uganga na miungu isiyohesabika, na ilikuwa vigumu kueleza ni kitu gani kinachoyaunganisha yote hayo. Mwaka 1892 Sergei Georgievsky alitoa kitabu kizima kuhusu visasili vya Wachina, jambo ambalo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado hawajalipa uzito. Hata hivyo, msingi wa kazi hizi ulibaki kuwa maandishi.

Msomi mwingine, Vasily Alekseev, ndiye aliyetoka nje ya vitabu. Mwaka 1907 alisafiri kaskazini mwa China pamoja na Mfaransa Édouard Chavannes, akinakili maandishi ya mahekaluni na kununua picha za Mwaka Mpya, zile ambazo watu wa kawaida hubandika milangoni na ukutani. Zilichapwa kwa vibao vya kuchonga na kuuzwa kwa bei ndogo, na wasomi wengi wa Kichina waliziona upuuzi. Alekseev alikusanya maelfu, akawaomba walimu wake Wachina wamwandikie maana ya kila alama.

Tazama picha moja aliyoichambua katika utafiti wake wa 1918. Kijana mwenye uso wa furaha anarusha mshipi wa sarafu, na chura wa dhahabu mwenye miguu mitatu anaufuata. Huyo ni Liu Hai, mmoja wa wanaomfuata mungu wa utajiri. Hadithi inasema alikuwa waziri aliyeacha cheo na mali ili awe Mtao. Imekuwaje basi mtu aliyeikimbia mali akaingia katika msafara wa mungu wa utajiri? Alekseev alifuatilia jinsi watu walivyomgeuza kidogo kidogo: sarafu na chura vikatiwa maana ya neema, na mtawa akawa mleta riziki.

Hapo swali la Vasilyev linapata jibu ambalo maktaba peke yake isingelitoa. Mambo mengi ya Utao yanaunganishwa na watu wanaoyatumia: familia inayoomba mtoto, afya na mavuno huchukua kwa mwanafalsafa, kwa mganga na kwa mungu yeyote anayesaidia. Anayetaka kuielewa dini hii amsome Laozi, tena kwa makini, lakini asipite mlangoni bila kutazama kilichobandikwa.