Makoti ya mvua ya wavuvi: rahisi ni ghali

Biashara ya makoti ya mvua hufuata mawingu. Katika kanda ya Ziwa Victoria mahitaji hupanda mara mbili kwa mwaka: kabla ya vuli ya Oktoba hadi Desemba, na kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Mfanyabiashara ambaye mzigo wake unafika Mwanza mvua zikianza kukatika hulazimika kuuza kwa bei ya kutupa, au kuulaza ghalani hadi msimu unaofuata.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi katika biashara hii haitokani na kuchelewa. Inatokana na kununua mzigo hafifu usiodumu, ambao mteja akishauvaa mara chache harudi tena dukani.

Mvuvi wa dagaa ni mteja wa aina yake. Hufanya kazi usiku, kwa taa, na zaidi katika siku za giza ambapo mwezi hauonekani. Katika Ziwa Victoria mvua za radi nazo hunyesha zaidi usiku na alfajiri, kwa sababu upepo wa kutoka nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto na kupandisha mawingu. Kwa maneno mengine, saa za kazi za mvuvi ndizo saa za dhoruba.

Koti likivuja, upepo humkausha mvuvi akiwa ameloa, mwili hupoteza joto na vidole hufa ganzi asiweze kuvuta wavu sawasawa. Chombo kikirudi mwaloni mapema na ndoo tupu, petroli imekwisha kuungua. Ndiyo maana kwa mwenye mtumbwi koti la mvua ni kitendea kazi sawa na wavu na injini.

Aina zilizopo

Mavazi haya yana historia ndefu. Mwaka 1877 nahodha wa Norway, Helly Juell Hansen, alianza kutengeneza nguo za mabaharia kwa kitambaa cha kitani kilicholoweshwa mafuta ya mbegu za kitani. Nguo hizo zilizuia maji, lakini zilikuwa ngumu na nzito. Plastiki ilipoingia katika karne ya 20, mafuta yakaachwa.

Leo mfanyabiashara hukutana na aina nne. Ya kwanza ni karatasi ya plastiki ya PVC isiyo na kitambaa ndani. Ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Inamfaa mtembea kwa miguu anayekimbilia kituo cha basi, lakini ikinasa kwenye msumari wa mtumbwi mara moja, inachanika hadi chini.

Ya pili ni kitambaa cha poliesta au pamba kilichopakwa PVC. Ni nzito, haipitishi hewa, na mvaaji hutoka jasho. Lakini huvumilia kusuguliwa na kamba, magamba na kingo za mtumbwi, na ndiyo inayovaliwa kwa miaka mingi na wavuvi wa biashara katika bahari za kaskazini.

Ya tatu ni nailoni au poliesta iliyopakwa poliyurithani, maarufu kwa kifupi cha PU. Ni laini, nyepesi na haimbani mtu anapovuta wavu. Udhaifu wake ni kwamba unyevu na joto huoza ule mpako polepole. Baada ya miaka kadhaa hunata na kubanduka kama ngozi ya nyoka.

Ya nne ni ile yenye utando unaozuia maji lakini unaotoa mvuke wa jasho, kama Gore-Tex, iliyotokana na ugunduzi wa mwaka 1969 nchini Marekani. Ni nzuri kwa wapanda milima na wavuvi wa burudani. Kwa kazi ya nyavu haifai sana, kwani chumvi, uchafu na mafuta ya samaki huziba vitundu vyake, na bei yake ni kubwa.

Kupima kabla ya kulipa

Mnunuzi wa jumla hana haja ya maabara. Kwanza, akunje kitambaa, akisugue kwa nguvu mahali pa mkunjo, kisha akifunue. Kikibaki na mstari mweupe au ufa, mpako ni dhaifu. Pili, atengeneze mfuko mdogo kwa sehemu ya mgongo, amimine maji, asubiri nusu saa, kisha apapase upande wa chini.

Tatu, ageuze koti ndani nje na kutazama mishono. Sindano hutoboa mamia ya matundu, na koti nyingi huvujia hapo hata kama kitambaa chenyewe ni kizuri. Mshono bora ni ule uliounganishwa kwa joto. Ukiwa umeshonwa kwa uzi, lazima uwe umefunikwa kwa utepe uliogandishwa, na utepe huo usibanduke kwa kucha.

Nne, aangalie mikono. Mvuvi huinua mikono kila anapovuta, na maji hushuka hadi kwapani. Mkono wa koti unapaswa kuwa na kizuizi cha ndani chenye mpira unaobana kifundo. Zipu za chuma huliwa na kutu, hasa kwa wavuvi wa baharini. Zipu ya plastiki nene iliyofunikwa na mkunjo wa kitambaa hudumu zaidi. Vifungo na mifuko ya nje ivute kidogo iwezekanavyo, maana kila kinachotokeza hunasa kwenye wavu.

Suruali inayopanda hadi kifuani na kushikwa na mikanda ya mabegani ni bora kuliko ya kiunoni, kwa kuwa mvuvi huinama muda wote. Miguu yake ishuke nje ya mabuti, si ndani, la sivyo maji yote ya mvua huishia ndani ya buti. Rangi nayo ni sehemu ya ubora. Chungwa na njano huonekana mbali. Buluu na kijani hupotea majini.

Mzigo wa mtumba

Katika robota za mtumba kutoka Ulaya hupatikana mavazi ya kazi yenye ubora wa hali ya juu. Kitambulisho ni lebo ya ndani yenye alama EN 343, kiwango cha Ulaya cha nguo za kujikinga na mvua. Namba ya kwanza huonyesha uwezo wa kuzuia maji na ya pili uwezo wa kutoa jasho. Tangu marekebisho ya mwaka 2019 madaraja ni manne. Awali yalikuwa matatu, na daraja la juu ndilo bora. Kwa mvuvi, namba ya kwanza ndiyo ya kutazamwa.

Lakini lebo haisemi nguo ina umri gani. Mpako ukinata vidoleni au kutoa unga, nguo hiyo imekwisha, hata kama nje inang'aa.

Hesabu ya mteja na ya muuzaji

Tuchukue mfano. Koti jepesi linauzwa shilingi 15,000 na kudumu miezi mitatu. Koti na suruali vya PVC nzito vinauzwa shilingi 75,000 na kudumu miaka miwili. Katika muda huo, mnunuzi wa koti jepesi atalipa mara nane, jumla shilingi 120,000. Kwa mtumbwi wa watu wanne, tofauti ni shilingi 180,000.

Muuzaji ana hesabu nyingine. Akipata faida ya shilingi 3,000 kwa koti jepesi na 15,000 kwa seti nzito, anahitaji mteja yuleyule arudi mara tano ili faida zilingane. Mteja aliyeloa mara mbili kwa koti la duka hilo hatafika mara ya tano. Kwa upande mwingine, seti nzito hufunga mtaji mkubwa. Njia ya kati ni kuweka akiba ndogo ya seti nzito, na kuchukua oda yenye malipo ya awali kutoka kwa wenye mitumbwi, ambao fedha zao huwa mkononi baada ya siku za giza.

Waagizaji kutoka nje wazingatie maelezo ya ankara. Katika mfumo wa kimataifa wa ushuru, vazi la plastiki tupu huingia namba 3926, la kitambaa kilichopakwa plastiki huingia 6210 au 6113 kulingana na ufumaji, na mtumba huingia 6309. Kuandika "makoti ya mvua" pekee ni kukaribisha ubishi bandarini, na kila siku ya ubishi ni siku ya msimu iliyopotea.

Ghalani, mzigo usikunjwe kwa muda mrefu chini ya bati lenye joto. PVC hupoteza ulaini wake na kupasuka kwenye mikunjo. Itundikwe kivulini, mbali na mafuta ya taa.

La mwisho ni la uhai. Koti la mvua, hata liwe bora namna gani, halimwelei mtu majini. Likijaa maji humzuia kuogelea na humlemea anapojaribu kupanda chomboni. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe juu ya koti, na koti liwe na nafasi ya kutosha kuruhusu hivyo. Muuzaji anayeviweka vitu hivyo viwili kwenye rafu moja anaongeza mauzo yake, na huenda akawa anamtunza mteja wa msimu ujao.