Maji ya Bustani Milimani Lubero

Katika milima ya Lubero, Kivu ya Kaskazini, mvua hupungua kati ya Juni na Julai, na tena Januari na Februari. Hapo mkulima wa kabichi na vitunguu huteka maji kijitoni na kumwagilia kwa mkono. Lita 1 katika mita 1 ya mraba ni sawa na milimita 1 ya mvua. Tuta la mita 10 za mraba linalohitaji milimita 4 kwa siku hutoshwa na makopo 4 ya lita 10. Kumwagilia alfajiri au jioni hupunguza maji yanayopotea kwa jua. Matandazo ya nyasi kavu hutunza unyevu, na mitaro inayokingama mteremko huyapa maji ya mvua nafasi ya kuzama. Maji yaliyohifadhiwa ardhini hayahitaji kubebwa tena kichwani.