Kidonge Kitulizacho Ndicho Kijeruhicho

Ni nadra kupata nyumba katika visiwa vyetu isiyojua kidonge cha maumivu. Mvuvi aliyeteguka mkono, mkulima anayeumwa na kiuno, bibi anayesumbuliwa na magoti, wote hukimbilia dukani. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba hadi mwaka 1971 madaktari wenyewe walitoa aspirini bila ya kuelewa inavyofanya kazi. Aliyewafumbua macho ni John Vane, mtaalamu wa elimu ya dawa wa Uingereza. Tunaona inafaa kazi yake itazamwe na wananchi na watumishi wa Serikali pia.

Dawa yenyewe haikuwa ngeni. Mwaka 1763 Kasisi Edward Stone wa Uingereza alieleza jinsi gome la mti wa willow, likisagwa, lilivyotuliza homa. Mwaka 1899 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaanza kuuza aspirini. Kwa zaidi ya miaka 70 dunia ikaimeza, na siri yake ikabaki imefichika.

Vane, aliyezaliwa mwaka 1927, alisomea kemia Birmingham, kisha elimu ya dawa Oxford. Mwaka 1955 alijiunga na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji mjini London. Huko, mwaka 1969, yeye na mwenzake Priscilla Piper waliona kwamba aspirini huzuia mapafu ya wanyama wa maabara yasitoe kitu kinachokaza mishipa ya damu. Jambo hilo dogo hawakulipuuza. Miaka miwili baadaye Vane alitangaza jibu: mwili ukijeruhiwa hutengeneza viini viitwavyo prostaglandini, ambavyo huleta uvimbe, joto na maumivu. Aspirini na dawa za jamii yake huzuia viini hivyo visitengenezwe.

Lakini ugunduzi huo ulibeba onyo. Prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo usichomwe na asidi, na ndizo zinazosaidia figo kupata damu ya kutosha. Kwa hiyo anayezuia maumivu kwa njia hii humwondoa na mlinzi wa tumbo lake. Vidonda na kutokwa damu tumboni havitokani na dawa mbovu. Ni upande wa pili wa kazi ile ile iliyoleta nafuu.

Mwaka 1982 Vane alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Sune Bergström na Bengt Samuelsson wa Uswidi. Baadaye wataalamu walitafuta dawa ambayo ingetuliza uvimbe bila ya kudhuru tumbo. Mojawapo, Vioxx, iliingia sokoni mwaka 1999, ikaondolewa na watengenezaji wake Septemba 2004 baada ya kuonekana kwamba inazidisha hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Vane alifariki Novemba mwaka huo huo.

Tuna la kujifunza hapa. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi wetu huzitumia, ni za jamii hiyo hiyo ya aspirini. Kumeza vidonge hivyo kila siku kwa miezi bila ya ushauri wa daktari ni kucheza na tumbo na figo. Mzee mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo, na mama mjamzito, hasa katika miezi ya mwisho, hawana budi kuuliza kwanza. Vile vile homa isiyojulikana isitibiwe kwa aspirini, kwani katika homa ya dengi, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, dawa hiyo huweza kuzidisha kutokwa damu.

Kwa upande wa Serikali, tunaomba wakaguzi wa dawa wasitosheke na kutazama leseni na tarehe ya kwisha muda. Wahakikishe pia kwamba muuzaji anaweza kumweleza mteja, kwa Kiswahili chepesi, kiasi cha kumeza, siku za kumeza, na dalili za hatari kama choo cheusi au kutapika damu.

Elimu iliyopatikana kwa jasho la maabara miaka mingi iliyopita haina faida ikiishia vitabuni. Mwenye kuuza kidonge na auze pamoja na maelezo yake.