Jua la Tambarare ya Ruzizi: tujilinde, tulindane



Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma habari za mtoto wa mama Mshunami. Alimfuata baba yake shambani wakati wa mavuno, akalia kwamba kichwa kinamuuma, na saa sita mchana akafa mapajani mwa mama yake. Biblia haitaji ugonjwa wake. Lakini sisi tunaolima Kiliba, Sange na Luberizi, tukisoma hapo tunafikiri jua.

Mwili hujipoza kwa jasho. Maji na chumvi vikipunguka, kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, misuli inakaza, mkojo unakuwa wa rangi nzito. Mtu huyo apumzike kivulini, anywe kidogo kidogo. Akilazimisha kazi, joto la mwili linaweza kupita digrii 40. Hapo anasema ovyo, anaanguka, anazimia.

Wengi wetu hapo husema ni mapepo ao sumu. Tunamzunguka tukiimba, na hewa haimfikii. Tuombe, ndiyo, lakini mikono ifanye kazi: tumpeleke kivulini, tumvue nguo nzito, tummwagie maji mwili mzima, tumpepee kwa kitenge, kisha kituo cha afya haraka, tukiendelea kumpoza njiani. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Maji ya kumwagia yanaweza kutoka mfereji wowote. Ya kunywa, hapana. Kipindupindu kimekaa Uvira miaka mingi, na kiu ndiyo inayomfanya mtu ainame anywe maji ya Ruzizi ao ya ziwa. Tubebe bidoni ya maji yaliyochemshwa ao kutiwa dawa. Tuanze kulima alfajiri, tupumzike kuanzia saa tano, turudi shambani baada ya saa tisa. Kofia ao kitambaa kichwani kisikosekane.

Ndugu zetu waliokimbia vita kutoka Milima Mirefu wamezoea baridi. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto la huku chini. Anayewapa kibarua asiwalimishe kutwa nzima siku ya kwanza.

Neno la mwisho ni kwa wanaopanda vilima vya Uvira kuomba, wakifunga bila maji. Pandeni mapema, mshuke kabla jua halijawa kali, na mtu asiende peke yake. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mzee, mgonjwa na mtoto wasifunge maji. Hii si imani ndogo. Eliya alipolala chini ya mti jangwani, katika 1 Wafalme 19, malaika alimgusa mara mbili, na mara zote mbili alimwambia ale. Mkate na chupa ya maji vilikuwa tayari kichwani pake. Ni baada ya kula na kunywa ndipo alipotembea siku 40 hadi Horebu, na huko akasikia sauti ya Mungu.

Bwana awalinde katika kazi zenu.