Je, Wajua Namna Python na Java Zinavyosemezana?

Miongoni mwa mambo yapitayo kila siku ndani ya kompyuta pasipo mwenye kuitumia kuyahisi ni mazungumzo ya programu mbili zilizoandikwa kwa lugha mbalimbali, ambazo kila moja ina mtambo wake wa kuiendesha na sehemu yake ya kumbukumbu isiyoruhusu mgeni kuingia. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum huko Uholanzi mwaka 1991, na Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995, ni lugha za namna hiyo. Na kiungo chao mashuhuri huitwa Py4J, ambacho Apache Spark, programu ya kuchambua data nyingi, hukitegemea.

Py4J hupitisha mazungumzo kwa anwani 127.0.0.1, ambayo haitoki nje ya kompyuta yenyewe. Kwa desturi, Java husikiliza katika mlango wa mawasiliano (port) namba 25333. Nayo ikihitaji kuiita Python, sharti mlango wa pili, 25334, ufunguliwe kwa amri mahsusi, la sivyo itajibu tu, wala haitaweza kuanza kusema.

Ujumbe wenyewe ni maandishi mepesi: herufi c, kisha jina la kitu, jina la amri na thamani zake, kila moja katika mstari wake, na herufi e ikiwa hatima. Namba kamili hutanguliwa na i na maandishi hutanguliwa na s. Lakini namba ikizidi 2147483647, ambayo ndiyo upeo wa namba kamili ya kawaida ya Java, hutanguliwa na L, kwa sababu namba za Python hazina mpaka huo.

Ama kitu changamani, hicho hakisafirishwi. Java hukihifadhi kwake na kuipa Python jina fupi, kama o0 au o1, mithili ya stakabadhi apewayo tajiri kwa shehena iliyobaki bohari; na Python isipokihitaji tena hupeleka taarifa kiachiliwe, maana taarifa hiyo ikikosekana, vitu hurundikana hata kumbukumbu ya Java ikajaa.

Spark huzidisha hadhari. Badala ya kung'ang'ania namba moja, hutaja sifuri ili mfumo wa kompyuta uichagulie mlango ulio wazi, kisha huandika namba iliyopatikana pamoja na neno la siri katika faili la muda, ambalo Python hulisoma. Hivyo kazi mbili hazigongani, wala asiye na idhini hapenyi.

Basi atakaye kuziunganisha lugha mbili na athibitishe kwanza mapatano haya: nani atasikiliza mlango upi, kila thamani itatambulikanaje, na nani ana dhamana ya kukiachilia kitu. Yakithibiti hayo, hakuna haja ya lugha yoyote kuiacha tabia yake ili ifanye kazi na mwenzake.