Pingili ya Muhogo na Mipaka ya Sheria: Mjadala wa Mazao Yaliyobadilishwa Jeni Ukitazamwa Kutoka Magara, Burundi

Ikisiri

Mjadala kuhusu mazao yaliyobadilishwa jeni katika Afrika Mashariki umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mahindi na pamba, mazao ambayo mbegu zake za kisasa hununuliwa. Makala haya yanaufafanua mjadala huo kwa kuanzia na muhogo, zao linalopandwa kwa pingili ambazo majirani hupeana. Hoja kuu ni kwamba sheria iliyotungwa kwa kuzingatia mfuko wa mbegu wenye lebo haiwezi kuifuata pingili inayotoka shamba hadi shamba, na kwamba Burundi inapaswa kuamua namna ya kusimamia pingili kabla ya kuamua kuikubali au kuikataa teknolojia yenyewe.

1. Utangulizi

Magara ipo katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, kando ya barabara kuu inayounganisha Bujumbura na Rumonge. Ukanda huu unajulikana zaidi kwa michikichi na ndagala, lakini chakula cha kila siku cha kaya nyingi ni muhogo: mizizi yake husagwa unga wa ugali, na majani yake hupikwa sombe. Ng'ambo ya ziwa ni Kivu Kusini, na kusini kuna Kigoma. Watu, lugha na mazao vimevuka maji haya kwa vizazi vingi. Uamuzi wa nchi jirani kuhusu muhogo kwa hiyo una uzito hapa, hata kabla Burundi haijatoa uamuzi wake.

2. Ugonjwa unaosababisha mjadala

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya utafiti katika kituo cha Amani, Tanganyika. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini. Mwaka 2004 ulionekana katika nyanda za juu za Uganda, na mwaka 2011 watafiti waliripoti kwa mara ya kwanza kuwepo kwake nchini Burundi. Husababishwa na aina mbili za virusi, na huenezwa na inzi weupe pamoja na pingili zilizoambukizwa.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba hujificha. Mmea unaweza kuonekana wenye afya ilhali mizizi yake imejaa madoa makavu ya kahawia yasiyoliwa. Mkulima huligundua tatizo siku ya kung'oa, baada ya kusubiri miezi mingi, na huenda wakati huo tayari amekwisha kuwagawia jirani na shemeji vipando kutoka shamba hilohilo.

3. Teknolojia inayopendekezwa

Mradi wa VIRCA, unaowahusisha KALRO ya Kenya, NARO ya Uganda na Kituo cha Donald Danforth cha Marekani, umetengeneza muhogo uliopewa alama 4046. Ndani ya mmea huo kimeingizwa kipande cha taarifa ya kijeni kilichotokana na virusi vyenyewe. Kipande hicho huufanya mmea utengeneze RNA fupi zinazotambua virusi vinapoingia na kuvivunja kabla havijaongezeka. Mmea hautengenezi protini mpya kwa ajili ya kinga hiyo. Mwezi Juni 2021 Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Bayoteknolojia ya Kenya iliidhinisha muhogo huo kupandwa katika mazingira ya wazi, huku majaribio ya kitaifa ya aina za mbegu yakibaki kuwa hatua ya lazima kabla ya kuwafikia wakulima.

Mafanikio hayo yana mpaka. Jeni hiyo inakinga michirizi ya kahawia, haikingi batobato, ugonjwa uliotikisa kilimo cha muhogo nchini Burundi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aidha, mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya aina za muhogo hupoteza ukinzani wake wa asili dhidi ya batobato zinapokuzwa upya kutokana na tishu maabarani, hatua ambayo uhandisi jeni huitegemea. Ukinzani huo hulazimika kurejeshwa kwa kuzalisha mmea na aina nyingine. Mshauri wa sera anayeambiwa kwamba mbegu ni kinzani ana wajibu wa kuuliza: kinzani kwa ugonjwa upi?

4. Njia tofauti za majirani

Nchi za jumuiya hazikufuata njia moja. Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vilivyobadilishwa jeni mwaka 2012, ikaruhusu pamba ya Bt mwaka 2019, kisha ikaondoa marufuku mwezi Oktoba 2022, na mabishano yakahamia mahakamani. Tanzania ilipanda mahindi ya majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza majaribio yasimamishwe na masalia yateketezwe, na mwaka 2021 ikatangaza tena kusitisha majaribio ya aina hiyo. Nchini Uganda, Bunge lilipitisha muswada mwaka 2017 na tena mwaka 2018, lakini Rais aliurudisha mara zote mbili.

Suala lililoleta mvutano mkubwa Uganda na Tanzania ni dhima: nani alipe madhara yakitokea, na je, mdai alazimike kuthibitisha uzembe? Hapa ndipo muhogo unapoleta ugumu wa pekee. Kwa mahindi chotara, upo mfuko, ipo stakabadhi, yupo muuzaji. Kwa pingili, mtoaji ni shangazi au jirani, na hakuna karatasi. Pingili iliyobadilishwa haitofautiani kwa macho na ile ya kawaida. Kuitambua kunahitaji maabara. Dhima kali ikitungwa bila kuangalia hali hii, inaweza kumwangukia mkulima aliyegawa kwa ukarimu na kumwacha aliyetengeneza.

Hoja ya hataza nayo hubadilika sura. Wapinzani wanahofia, kwa haki, kwamba mkulima atakuwa mtumwa wa kampuni ya mbegu. Pingili hujizalisha bila kununuliwa tena, hivyo hofu hiyo hupungua kwa muhogo. Hata hivyo, tabia hiyohiyo inaongeza hofu nyingine: kilichotoka hakiwezi kuitwa kirudi.

5. Maana yake kwa Burundi

Burundi ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena, iliyopitishwa mwaka 2000. Ibara ya 17 inaitaka nchi iziarifu nchi nyingine zinazoweza kuathirika kiumbe kilichobadilishwa kinapovuka mpaka bila kukusudiwa, na Ibara ya 26 inaruhusu kuzingatia masuala ya kijamii na kiuchumi. Taarifa ya namna hiyo ina faida pale tu nchi inayoipokea inapokuwa na uwezo wa kutambua kilichoingia.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, ISABU, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, iimarishiwe uwezo wa kupima pingili kwa virusi na kwa jeni zilizoingizwa. Pili, uzalishaji wa pingili safi za aina za kawaida zenye ukinzani uenezwe katika ukanda wa ziwa. Huduma hii inahitajika teknolojia mpya ikubaliwe au ikataliwe. Tatu, nchi za jumuiya, ikiwemo Kongo iliyojiunga mwaka 2022, ziwe na utaratibu mmoja wa kupeana taarifa kuhusu vipando, na dhima ibaki kwa mwenye kibali, si kwa mkulima anayegawa.

6. Hitimisho

Kukataa bila maabara ni tamko tu, na kukubali bila mfumo wa pingili safi ni kumkabidhi mkulima hatari asiyoweza kuiona. Mkulima wa Magara hatasubiri mwafaka wa mikutano: msimu ukifika atapanda pingili aliyopewa. Kazi ya sera ni kuhakikisha kwamba anayempa na anayepewa wote wanajua ni kitu gani kinachopandwa.