Duka Likiungua, Kaunta Buku Iko Wapi?

Usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam liliwaka moto. Lilikuwa jengo la miaka ya 1970, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli. Miezi sita baadaye, Januari 2022, Soko la Karume pale Ilala nalo likateketea. Nairobi nako, Gikomba limeungua mara nyingi mno, na moto wa Juni 2018 uliondoka na roho za watu wasiopungua 15.

Kila yanapotokea haya magazeti hutuletea picha ile ile: mabati yaliyojikunja, mama ameshika kichwa, na mwandishi anayeuliza mali ya shilingi ngapi imepotea. Kwa maoni yangu swali hilo linatupotosha. Mali ya shelfu, pamoja na uchungu wake wote, hurudishika. Viwanda bado vinazalisha, makontena bado yanashuka bandarini, na mwenye jina zuri sokoni hakosi wa kumpa mali kauli. Biashara nyingi hazifi usiku wa moto. Hufa wiki ya tano au ya sita, pale mwenye nayo anapokuwa hajui tena nani anamdai, hana ushahidi kwa wale anaowadai, na akiba imekwisha kabla hajauza hata doti moja.

Chukua mfano wa duka la jumla la vitenge Mtaa wa Kongo. Ukifunua kaunta buku yake utakuta mistari ya namna hii: “Mama Zuu Mbagala 180,000. Kaka wa Moro kapunguza 50. Yule wa Tandahimba doti 12.” Kwa mwenye duka maandishi hayo yamekamilika, maana sura zote anazo kichwani. Kwa mkewe, kwa kijana wa dukani au kwa mtathmini wa bima, hayana maana yoyote. Mama Zuu yupi? Hamsini ni elfu hamsini au ni doti? Na kaunta buku yenyewe inalala chini ya meza, imezungukwa na vitambaa. Moto ukipita, mtu huyu amepata hasara mara mbili. Kwanza vitenge vilivyokuwa dukani. Pili vile alivyokwisha kuvitoa, ambavyo viko salama salimini Mbagala na Tandahimba, ila hana tena karatasi ya kuvidai. Katika biashara ya jumla fungu hili la pili si la kupuuza. Kwa wengine linazidi la kwanza.

Tiba yake haihitaji hata kompyuta. Ukimaliza kufunga hesabu jioni, piga picha ukurasa wa siku hiyo, uitume kwenye barua pepe yako na kwenye simu ya mtu asiyefanya kazi jengo hilo. Andika jina kamili na namba ya simu ya kila mdaiwa. Mwisho wa mwezi piga picha shelfu zote na stoo, na risiti za manunuzi usiziache dukani. Kwa wenye programu ya mauzo, kanuni ya wenye fani ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja iwe nje ya jengo. Diski inayoshinda na kulala imechomekwa kwenye kompyuta ya duka usiihesabu. Moto utakaoila kompyuta utaila na diski, na kirusi kitakachofunga mafaili ya huku kitafunga na ya kule.

Ipo kumbukumbu nyingine ambayo wengi hatuioni kuwa kumbukumbu, nayo ni laini ya simu. Hapo ndipo wateja wanapolipia, ndipo msambazaji wa Mwanza anapopiga, ndipo benki inapotuma namba ya siri. Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja. Simu ikiungua, wa kuirudisha laini ni mwenye vidole vile. Sasa fikiria maduka yanayopokea fedha kwa laini ya kijana aliyekwisha kuacha kazi, tena kwa kugombana na bosi wake.

Baada ya kumbukumbu ni muda. Wataalamu wa majanga humuuliza mwenye biashara maswali mawili makavu: unaweza kukaa umefunga kwa muda gani kabla wateja hawajapata kwingine pa kuzoea, na unaweza kupoteza kumbukumbu za siku ngapi bila kuyumba? Jibu halifanani. Fundi cherehani mwenye jina anaweza kusubiriwa wiki mbili. Duka la dawa lenye insulini, ambayo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, halina wiki mbili. Umeme ukikatika kutwa nzima, tayari ni janga lisilo na moshi. Wenye friji walilikumbuka hilo Aprili 1, 2024, Gridi ya Taifa ya Tanzania ilipopata hitilafu. Ukishapata siku zako, zigeuze ziwe fedha. Kodi, mishahara, rejesho la benki, ada za watoto na chakula cha nyumbani kwa siku hizo zote ni kiasi gani? Hicho ndicho kiwango cha akiba ya dharura, wala si “chochote utakachoweza”. Na kisikae kwenye mtaji, maana mtaji ndio unaoungua.

Kwa Kariakoo ongeza na kodi ya fremu. Ni kawaida kulipa miezi sita au mwaka mzima mkononi, na wengine hutoa kilemba juu yake. Jengo likiungua mwezi wa pili, kodi ya miezi iliyobaki inakwenda wapi? Kama mkataba haukusema, utajibiwa na mwenye nyumba, na jibu lake unaweza kulikisia. Kipengele cha sentensi mbili kinatosha kumaliza ubishi huo kabla haujazaliwa.

Hapa wengi husema: tuna kikoba chetu. Ninakiheshimu kikoba, kimesomesha watoto na kuzika watu kwa heshima kuliko taasisi nyingi zenye vioo. Lakini kwa moto wa soko kina kasoro moja ya maumbile: wanachama wake wote wako soko moja. Katika kikoba cha watu 30, mmoja akiibiwa, 29 wanamwinua. Soko zima likiungua, wote 30 wanafika kwenye sanduku siku moja, na waliokopa hawawezi kurejesha kwa sababu na wao wameungua. Bima inafanya kazi kwa sababu kampuni inachanganya duka la Kariakoo, hoteli ya Arusha na ghala la Mtwara, kisha nayo inajikinga kwa kampuni kubwa za nje. Kikoba kinachotaka kuhimili janga kinaweza kuiga kidogo, kwa kuwaingiza wanachama wa masoko mengine au kwa kukata bima ya pamoja kwa fedha ya kikundi.

Nayo bima ina mitego yake, na ulio mkubwa kuliko yote hutegwa siku ya mkopo. Mfanyabiashara amekopa milioni 20. Benki inamtaka akate bima, anakata ya milioni 20, anaweka karatasi kabatini na kutembea kifua mbele kwamba duka lina bima. Dukani mna mali ya milioni 60. Moto unashika stoo, unakula mali ya milioni 15. Yeye anasubiri 15 kamili, kwa kuwa ni ndani ya 20. Hatazipata. Mikataba mingi ya bima ya moto ina kipengele cha uwiano: ukikata bima ya theluthi ya mali yako, kampuni italipa theluthi ya hasara, na theluthi mbili zilizobaki unahesabiwa umejikatia bima mwenyewe. Basi milioni 15 inakuwa milioni 5, ikipunguzwa na kiasi cha awali ambacho mteja hubeba mwenyewe. Na kwa kuwa benki imeandikwa kuwa mlipwaji wa kwanza, hiyo 5 inaweza kwenda kupunguza mkopo, asiione hata kwa macho.

Hakuna aliyemdanganya. Aliandika mkopo mahali pa kuandika mali. Na hata aliyeandika mali, aliihesabu lini? Stoo ya Juni si stoo ya kuelekea Idi, wala si ya Januari wazazi wanapogombania sare za shule. Mwambie wakala wako misimu yako ni ipi. Upo utaratibu wa kutoa taarifa ya thamani ya mali mwezi hadi mwezi.

Halafu soma kilichoachwa nje. Bima ya moto ya kawaida haibebi mafuriko mpaka uyaongeze, na ghasia za kisiasa huwa na bima yake. Faida utakayoikosa duka likiwa limefungwa ni bima nyingine kabisa, na ndiyo ambayo wafanyabiashara wadogo hawaitajiwi. Tafuta pia masharti: kizimamoto kilichokaguliwa, mali isiyolazwa sakafuni, vitabu vya hesabu kuwekwa mbali na duka. Ukivunja sharti umeipa kampuni sababu ya kukataa. Kisheria ulinzi hauanzi mpaka ada ilipwe, kwa hiyo ahadi ya “nitakumalizia wiki ijayo” ni wiki ya kulala mlango wazi. Mkishindwana kwenye fidia, Tanzania kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Usikimbilie mahakamani wala usikate tamaa.

Si kila janga linakuja na moto. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mvua ilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, na wenye maduka wa kusini waliokuwa na njia moja ya mzigo wakakaa kusubiri. Siku chache baadaye, Mei 12, nyaya za EASSy na Seacom zikakatika chini ya bahari na intaneti ikazorota Afrika Mashariki yote. Aliyeweka kila kitu mtandaoni bila daftari la akiba aliuza kwa kubahatisha. Karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imefurika zaidi ya mara moja kwa sababu iliyo wazi kwa kila mkazi wa jiji: Mto Msimbazi unapita pale. Kabla ya kusaini fremu, waulize majirani maji ya masika yalifika wapi.

Na kuna janga ambalo wenye biashara hawapendi kulitaja, la wao wenyewe kulazwa au kufariki. Jaribio lake ni rahisi. Chagua Jumanne tulivu, zima simu, usiende dukani, mwachie msaidizi wako kazi. Ataweza kujua mzigo gani unadaiwa? Ana namba ya msambazaji? Nani mwingine anaweza kutoa fedha benki? Kila anapokwama, andika. Siku hiyo hiyo mwombe afungue nakala ya kumbukumbu iliyoko nje, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Siku yenyewe ikifika, piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usiingie kuokoa mali. Moto ukishazimwa na mkaruhusiwa kukaribia, piga picha kila kitu kabla ya kufagia, usitupe mabaki mpaka mtathmini ayaone, itaarifu kampuni ya bima kwa maandishi, na fuatilia taarifa za polisi na za zimamoto, kwani fidia huzitegemea.

Kisha mpigie aliyekupa mali kauli, kabla hajasikia kwa watu. Wengi huona aibu, huzima simu, naye huko aliko anajiambia amekimbiwa. Mpigie wewe, mtumie orodha ya wadaiwa wako yenye majina na namba, mwonyeshe ni milioni ngapi bado ziko mikononi mwa watu na zitakusanywa lini. Mwenye mzigo anayeiona orodha hiyo anakaa na wewe kupanga tarehe za kulipa, na akiridhika anakufungulia bando jingine.